Nyota Iliyolipuka na Hofu ya Watu

Masomo: Yeremia 10:1-10, Ayubu 9:1-10, Marko 13:28-37



Mwaka 2023 habari mbili zilitufikia hapa Kizwite zikiwa zimepishana majuma machache tu. Ya kwanza ilitoka pwani ya Kenya, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi. Kuanzia mwezi wa Aprili polisi walifukua makaburi ya watu walioaminishwa kwamba dunia imefika mwisho wake, na kwamba wakifunga kula mpaka kufa watakutana na Yesu. Kazi ile ilipoendelea, hesabu ya miili ilipita 400, na watoto wengi walikuwamo. Habari ya pili ilitoka angani. Tarehe 19 Mei, huko Japani, mtazama nyota aitwaye Koichi Itagaki aliona nuru ngeni katika kundi la nyota lililo mbali sana. Wataalamu wa nchi nyingi walipogeuza darubini zao upande ule, wakathibitisha kwamba nyota kubwa ilikuwa imelipuka.

Habari hizi mbili hazikuhusiana hata kidogo. Lakini katika mazungumzo ya watu zimekutana. Tumeulizwa zaidi ya mara moja, baada ya ibada na hata majumbani: Je, nyota kulipuka si dalili ya siku za mwisho? Na kama ni siku za mwisho, kuna faida gani kulima, kujenga, na kulipa karo za watoto?

Swali hili tusilicheke, wala tusilipuuze. Waliokufa Shakahola walikuwa na swali hilo hilo, na aliyewapa jibu aliwapa jibu la mauti. Kanisa likinyamaza, mwingine atajibu. Kwa hiyo tumeona vema tulijibu hapa, kwa kufuata neno ambalo nabii Yeremia aliwapa watu wa Mungu. Mataifa yaliyowazunguka yalitetemeka kila yalipoona jambo geni mbinguni. Yeremia akawakataza Waisraeli wasijifunze njia ile, wala wasitishwe na mambo ya anga kama wale wasiomjua Mungu wanavyotishwa.

KWANZA: NI NINI KILICHOTOKEA?

Mtu hawezi kuacha kuogopa kitu asichokijua. Kwa hiyo mtuvumilie sisi tuliozoea ubao na chaki, tuanze na somo dogo.

Jua letu ni nyota. Nuru husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde moja, na nuru ya jua hutufikia baada ya dakika 8 na kidogo. Nuru ya nyota iliyo karibu nasi zaidi, ukiacha jua, husafiri miaka 4 na zaidi. Jua hilo ni moja tu kati ya nyota zaidi ya bilioni 100 zilizo pamoja katika galaksi yetu. Usiku wa kiangazi, umeme ukikatika mjini Sumbawanga, tunaiona galaksi hiyo kama ukanda mweupe uliokatiza mbingu.

Nje ya galaksi yetu zipo galaksi nyingine zisizo na idadi kwetu. Moja wataalamu huiita M101. Mikono yake imejipinda kama gamba la konokono, na upana wake ni karibu mara mbili ya galaksi yetu. Ipo upande wa zile nyota za Dubu ambazo Ayubu anazitaja katika sura ya 9. Kwetu Ufipa nyota hizo hukaa chini, upande wa kaskazini. Nuru ikitoka huko husafiri kama miaka milioni 21 kabla ya kutufikia. Huko ndiko nyota ile ilikolipuka. Kutoka Kizwite hakuna aliyeweza kuiona kwa macho matupu, ilihitaji darubini.

Kwa nini nyota hulipuka? Nyota hung'aa kwa sababu ndani yake vitu vyepesi hubanwa na kuunganishwa kuwa vitu vizito zaidi, na muungano huo hutoa joto. Joto hilo husukuma nje, na uzito wa nyota hukandamiza ndani. Nguvu hizo mbili zikilingana, nyota husimama imara. Katika nyota kubwa sana kazi hiyo huendelea hatua kwa hatua, mpaka kiini chake kinapokuwa chuma. Hapo ndipo moto unapokoma, kwa maana chuma hakitoi tena joto la kuitegemeza nyota. Kiini huanguka kwa muda usiofika sekunde moja, na sehemu za nje hurushwa angani kwa nguvu kubwa. Kwa majuma kadhaa nyota hiyo moja hung'aa kuliko mamilioni ya majua yakiwekwa pamoja. Wataalamu huiita supanova.

Jambo hili si la mara moja. Katika galaksi ile ile ya M101 zimeandikwa supanova tano: mwaka 1909, 1951, 1970, 2011 na 2023. Na mwaka 1987, kuanzia mwezi wa Februari, ilionekana nyingine karibu zaidi, miongoni mwa nyota za kusini ambazo Ayubu anazitaja pia. Hiyo iliweza kuonekana kwa macho matupu kutoka nchi za kusini mwa ikweta, yetu ikiwamo. Ilikuwa ya kwanza kuonekana hivyo tangu mwaka 1604. Basi, katika mwaka gani kati ya hiyo dunia ilikoma? Watu walilima, wakavuna, wakazaa watoto, wakazikana. Na sisi tupo.

PILI: JE, NYOTA ILE ILITUMWA KWETU?

Tufikiri pamoja. Nuru ambayo Itagaki aliiona mwezi wa Mei 2023 ilitoka kwenye nyota yake miaka milioni 21 iliyopita. Ilikuwa njiani kabla mtu yeyote hajashika jembe juu ya nchi. Wakati Ibrahimu alipotolewa nje ya hema yake azitazame nyota, nuru ile ilikuwa imekwisha kusafiri sehemu kubwa kabisa ya safari yake. Wakati Bwana wetu alipozaliwa Bethlehemu, ilikuwa imebakiza miaka elfu mbili tu. Sasa akitokea mtu na kutuambia kwamba nyota ile imewashwa kwa sababu ya dhambi za mwaka huu, au kwa sababu ya uchaguzi fulani, au ili kundi lake lihame na kwenda msituni, tumjibu kwa upole kwamba jambo lenyewe lilifanyika kabla yake, kabla yetu, na kabla ya babu zetu wote.

Hapa wazee wengine watauliza: hiyo miaka milioni 21 inapatanaje na kitabu cha Mwanzo? Ndugu zetu, Mwanzo kiliandikwa ili tujue ni nani aliyeumba, na kwamba alivyoviumba ni vyema, na kwamba jua, mwezi na nyota si miungu bali ni taa alizoziweka. Kitabu hicho hakikutupa kipimo cha umbali wa nyota. Zaburi ya 90 inakiri kwamba hesabu yetu ya miaka si hesabu ya Mungu. Hakuna haja ya mtoto wa darasa la saba kurudi nyumbani na somo lake la sayansi akatishiwa kwamba ameacha imani. Tumefundisha vijana wengi waliokwenda kufundisha wengine, nasi twasema: kijana anayelazimishwa kuchagua kati ya daftari lake na Biblia yake, mara nyingi huachana na Biblia. Wa kulaumiwa hapo si daftari.

Mungu wa miaka milioni 21 si Mungu mdogo kuliko yule tuliyemfikiria. Zaburi ya 147 husema juu yake mambo mawili pamoja: kwamba anawaponya waliovunjika moyo, na kwamba anaijua idadi ya nyota na kuziita zote kwa majina. Mambo hayo mawili yamewekwa katika mistari inayofuatana. Yule aliyeijua nyota ile ilipolipuka ndiye anayemjua mjane wa mtaa wa pili anayelala na njaa.

TATU: MUNGU ALIFANYA NINI KWA NYOTA KAMA HIZO?

Tunaposikia kwamba nyota imelipuka, huwa tunafikiri juu ya uharibifu tu. Lakini wataalamu wametufunulia jambo ambalo babu zetu wafua chuma wangelifurahia sana.

Wafipa walisifika kwa kazi ya chuma. Walijenga malungu, yaani tanuri ndefu za udongo zilizopita kimo cha mtu, mara nyingi karibu na vichuguu. Waliyapanga mawe yenye chuma pamoja na makaa, wakaacha upepo uingie wenyewe kupitia mirija ya udongo iliyowekwa chini, bila mivukuto. Kisha chuma kile kilipelekwa katika tanuri ndogo, kintengwe, kikasafishwa, ndipo kikafuliwa kuwa jembe. Majembe ya viwandani yalipoenea wakati wa ukoloni, kazi ile ilikufa. Lakini masalio ya malungu bado yanaonekana mahali pengi katika uwanda wetu.

Mfua chuma alijua mawe yalichimbwa wapi. Leo twaweza kwenda hatua moja zaidi na kuuliza: chuma kiliingiaje katika mawe? Jibu ni hili: kilifanyika ndani ya nyota, kikatawanywa zilipolipuka, muda mrefu kabla ya jua letu na dunia yetu kuwako. Ile supanova ya mwaka 2011 katika M101 ilikuwa ya namna inayotengeneza chuma kwa wingi sana. Hutengeneza kwanza nikeli ya namna fulani, na nikeli hiyo ndani ya miezi michache hugeuka kuwa kobalti, na kobalti kuwa chuma. Nyota kubwa kama ile ya mwaka 2023 hutawanya hasa oksijeni, hewa tuivutayo. Mavumbi ya milipuko ya namna hiyo ndiyo yaliyokusanyika, na katika hayo dunia hii ikaumbwa.

Wale wanaosafiri kwenda Mbeya kupitia Tunduma wanaweza kukatisha safari huko Mbozi wakakitazame Kimondo. Ni kipande cha chuma chenye uzito wa tani 12 hivi, kilichoanguka kutoka angani. Karibu asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Ukikigusa, umegusa kitu kilichopikwa katika nyota. Lakini huhitaji kusafiri. Katika mwili wa mtu mzima mna chuma kama gramu 3 au 4, nyingi zikiwa ndani ya damu, na ndizo zinazobeba ile oksijeni kutoka mapafuni. Mama mjamzito akiambiwa kliniki kwamba damu imepungua na kupewa vidonge vya madini ya chuma, anapewa kitu kile kile.

Bwana wetu alifundisha, katika Yohana 12, kwamba punje ya ngano isipoanguka ardhini na kufa hukaa peke yake, na ikifa huzaa matunda mengi. Alikuwa akisema juu ya kifo chake mwenyewe. Sisi hatusemi kwamba nyota ni mkombozi. Hiyo ingekuwa ibada ya sanamu, na Yeremia ameikataa katika sura hiyo hiyo. Twasema tu kwamba Muumba aliyempeleka Mwanawe msalabani ni yule yule aliyeuweka ulimwengu hivi, kwamba nyota hufa na kutoka katika mabaki yake jembe na damu ya mtoto hupatikana. Kazi yake haipingani na Neno lake.

NNE: KUKESHA SI KUOGOPA

Sasa turudi Shakahola. Wala hiyo haikuwa mara ya kwanza katika nchi zetu. Huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, lilikuwako kundi lililotangaza kwamba dunia ingekwisha mwisho wa mwaka 1999. Mwaka ukapita. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya waumini waliteketea kwa moto ndani ya nyumba yao ya ibada, na baadaye ilipatikana miili mingine mingi iliyokuwa imefukiwa. Walikuwa watu wanaosali kama sisi. Wengi wao walikuwa wameuza mali zao.

Angalieni njia waliyopitishwa, maana njia hiyo ni moja mahali pote. Kwanza mtu husema anajua siku. Kisha husema shule ni ya shetani, na hospitali ni ya shetani. Kisha huwatenga watu na ndugu zao. Kisha hutaka mali. Mwisho hutaka uhai. Mkristo akiiona hatua ya kwanza asingoje ya pili. Bwana wetu mwenyewe, katika Marko 13, alisema kwamba siku ile haijui mtu, wala malaika, wala yeye Mwana, ila Baba peke yake. Anayesema anaijua amejiweka juu ya malaika.

Je, tunakana kwamba Kristo atakuja? Hasha. Kila Jumapili tunasimama na kuikiri imani kwamba atakuja tena kwa utukufu kuwahukumu walio hai na wafu. Lakini someni vizuri mfano unaoifunga sura hiyo ya Marko. Mtu alisafiri, akawaachia watumishi nyumba yake, kila mmoja na kazi yake, na bawabu akaamriwa akeshe. Hakuwaambia wakae bila kula wakimngoja. Hakuwaambia watoroke nyumba. Aliwaachia kazi. Mtume Paulo alipowaandikia Wathesalonike walioacha kazi wakingoja siku ya mwisho, aliwakemea na kuwaagiza wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe.

Hata kufunga kuna kiasi chake. Kanisa hutufundisha kufunga katika Kwaresima ili tujitawale na kumkumbuka mwenye njaa, kisha Pasaka hutuita mezani. Anayemnyima mtoto chakula kwa jina la Mungu hafungi, anaua.

Na kama mnataka mfano wa kukesha, mtazameni yule Itagaki. Ni mzee aliyepita miaka 70, si profesa wa chuo kikuu, bali ni mtu anayezipenda nyota. Amegundua supanova zaidi ya 100 katika maisha yake, kwa kuzitazama galaksi zile zile usiku baada ya usiku. Aliitambua nuru ngeni kwa sababu aliijua vizuri mbingu ya kila siku. Mkristo naye hutambua neno geni kwa sababu analijua Neno la kila siku. Wanaodanganywa upesi mara nyingi ni wale wanaofungua Biblia siku ya hofu tu.

TUFANYE NINI BASI?

Kwa kuwa sisi ni walimu, hatupendi kumaliza somo bila kazi ya nyumbani.

Mosi, wazazi wawatoe watoto nje usiku usio na mawingu na kuwaonyesha nyota. Wazee wetu walimtazama Kilimia kujua majira ya kilimo, na Biblia yetu ya Kiswahili inamtaja Kilimia na Orioni kwa majina, katika Ayubu na katika Amosi. Mtoto aliyezoea kuziona nyota mkononi mwa Mungu hatatishwa nazo na mtu mwingine.

Pili, tuwaandae mapema. Katika Orioni kuna nyota nyekundu iitwayo Betelgeuse, inayoonekana vizuri jioni za Januari na Februari. Wataalamu wanasema hiyo pia italipuka siku moja, huenda baada ya maelfu mengi ya miaka. Siku hiyo ikifika itaonekana hata mchana, nayo haitatudhuru kwa sababu iko mbali mno. Mwishoni mwa mwaka 2019 ilipofifia, maneno mengi yalisemwa. Yatasemwa tena. Watoto wetu wawe wamekwisha kujua.

Tatu, akitokea jirani aliyeacha kulima, aliyewatoa watoto shuleni, au anayekataa dawa kwa sababu ameambiwa mwisho umefika, tusimcheke wala tusimseme pembeni. Tumwendee wawili wawili, tukae naye, tule naye. Tukiona watoto wako hatarini, tumpe habari kasisi na mwenyekiti wa mtaa siku hiyo hiyo. Shakahola walikuwako ndugu waliowatafuta watu wao, lakini wengi walichelewa kuwapata. Sisi tusichelewe.

Mvua zitakuja kwa majira yake, na mahindi yatahitaji palizi. Tushike majembe yetu, tukijua chuma chake kilitoka wapi na ni nani aliyekitoa.

Tuombe: Ee Mungu, uliyeziumba nyota na kuzijua kwa majina, utuondolee hofu inayotupoteza, utupe kicho kinachotufundisha. Uwafariji waliofiwa Shakahola na Kanungu. Uwalinde watoto wa parishi yetu, na utukute kila mmoja kazini mwake siku Mwanao atakapokuja; kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.